Uamuzi wa Msanifu Huishi Kuliko Kifaa: Mhadhara kwa Wanafunzi wa Uhandisi na Mafundi, Dodoma

Ndugu mwenyekiti, waheshimiwa wahadhiri, ndugu mafundi mlioacha kazi zenu mchana huu, na ninyi wanafunzi ambao ndio hasa niliowaandalia maneno haya, nawasalimu.

Nimeombwa nizungumzie teknolojia zinazochipukia na namna zitakavyogeuza maisha yetu ya kila siku. Mada ya aina hii humvuta mzungumzaji kwenye roboti na magari yasiyo na dereva. Mimi nitabaki kwenye vitu ambavyo vimekwisha kubisha hodi Dodoma, yaani mita ya umeme na pampu ya maji, kwa sababu ndani yake mna jambo ambalo ningependa mlichukue kwa uzito: uamuzi anaoufanya msanifu mezani kwake huishi muda mrefu kuliko kifaa chenyewe, na gharama yake mara nyingi hulipwa na mtu ambaye hakuwepo uamuzi huo ulipofanywa.

Chukueni LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla ya kuutumia. Mnakumbuka mwaka 2024, TANESCO ilipowataka wateja waboreshe mita zao kabla ya tarehe 24 Novemba. Ukinunua umeme ulipokea makundi matatu ya tarakimu, kila kundi likiwa na tarakimu 20, nawe ukatakiwa kuyaingiza kwa mpangilio uleule: mawili ya kwanza kwa ajili ya kuboresha mita, la tatu kwa ajili ya uniti zenyewe. Maelezo ya mitaani yalikuwa ya kila namna, na mengine yalikuwa ya kutisha. Sababu yenyewe ilikuwa hesabu tu. Mita za malipo ya kabla zinazofuata kiwango cha kimataifa kiitwacho STS, ambacho chimbuko lake ni Afrika Kusini, huitambua kila tokeni, yaani kundi la tarakimu unalobofya, kwa idadi ya dakika zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1993, ili tokeni iliyokwisha kutumika isikubaliwe tena. Hesabu hiyo ilitengewa biti 24, yaani nafasi 24 ambazo kila moja hubeba sifuri au moja tu, na biti 24 haziwezi kubeba zaidi ya namba 16,777,216 tofauti. Gawanyeni dakika hizo kwa 1,440, ambazo ni dakika za siku moja, mtapata siku 11,650 na ushei, yaani karibu miaka 32. Anzeni kuhesabu kutoka mwaka 1993 na mtaangukia tarehe 24 Novemba 2024, bila kuongeza wala kupunguza.

Siwalaumu waliobuni mfumo huo. Tokeni ilipaswa kutoshea kwenye tarakimu 20 ambazo mtu yeyote, hata bibi aliyesimama gizani na kibatari mkononi, angeweza kuzibofya mpaka mwisho, na kila biti ambayo ingeongezwa kwenye tarehe ingenyang'anywa mahali pengine. Ulikuwa usanifu wa busara. Hata hivyo, angalieni ulivyofika: watu wachache waliamua jambo ughaibuni mwanzoni mwa miaka ya 1990, na zaidi ya miaka 30 baadaye mama ntilie wa Chang'ombe akalazimika kubofya tarakimu 60 kabla ya kuwasha taa. Maboresho yale yalihamisha tarehe ya kuanzia kuhesabu hadi mwaka 2014; maana yake ni kwamba hesabu ileile itajaa tena mwishoni mwa mwaka 2045. Baadhi yenu mliokaa safu za mbele ndio mtakaokuwa mameneja siku hiyo. Iandikeni mahali.

Huo ni mfano wa uamuzi mzuri wenye mwisho wake. Mfano wa uamuzi mbaya tunao jirani, Kongwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha huko mradi mkubwa wa karanga, ikaleta matrekta na hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa mitambo ya kufyekea pori. Udongo wa mfinyanzi wa Kongwa ukikauka huwa mgumu mno, ukayala majembe ya mitambo ile, na mvua haikufuata ratiba ya London. Kufikia mwaka 1951 mradi ulikuwa umekwisha kuachwa. Wagogo waliokuwa wakilima mtama na uwele kwenye ardhi hiyohiyo walijua tabia yake, ila hawakuwa mezani.

Sasa linganisheni na pampu ya mkono iitwayo Afridev, iliyosanifiwa Malawi na Kenya miaka ya 1980. Waliobuni pampu hiyo walianza na swali la nani ataifungua itakapoharibika, wakajibu kwamba ni wanakijiji wenyewe. Kwa hiyo spana moja inatosha kuifungua. Bushi zake ni za plastiki, hubadilishwa kwa mkono. Na pistoni huvutwa juu bila kung'oa bomba lililomo kisimani. Kwa maoni yangu huo ni ubunifu mkubwa kuliko simu nyingi za bei mbaya, ingawa hakuna anayepanga foleni kuununua.

Tatizo ni kwamba Afridev inafaa kwa kina cha hadi meta 45 hivi, na visima vingi vya huku kwetu huchimbwa kupita hapo. Ndiyo maana pampu za sola zinaingia kwa kasi. Bei ya paneli ilishuka kwa takriban asilimia 90 katika muongo ulioishia mwaka 2020, na mkulima wa zabibu wa Mpunguzi anaweza leo kupiga hesabu ambayo baba yake asingethubutu kuipiga. Mafundi mliomo humu mnajua upande wa pili: kontrola, yaani kifaa cha umeme kinachoiongoza pampu, inakuja imemiminiwa gundi ngumu juu ya bodi, ikiungua haifunguliki, na kijiji kinarudi kwenye madumu hadi kontrola nyingine ipatikane.

Lakini linalonisumbua zaidi si gundi. Pampu ya dizeli ilikuwa na breki ambayo hakuna aliyeikusudia, nayo ni bei ya mafuta. Mtu alizima injini kwa kuogopa gharama. Jua halina bei, hivyo pampu hufanya kazi tangu asubuhi hadi jioni. Bonde la Makutupora, ambalo Dodoma imelitegemea kwa maji kwa miongo mingi, lina kumbukumbu za kina cha maji za zaidi ya miaka 50, na kumbukumbu hizo zinaonyesha kwamba maji ya chini hujazwa zaidi na misimu michache ya mvua kubwa sana, kama ule wa El Niño wa mwaka 1997 na 1998, huku katikati yake ikipita miaka mingi ambayo kina kinashuka tu. Anayefunga pampu leo anaweza kuwa anatumia mvua ambayo haitarudi hadi mtoto wake amalize shule.

Kwa hiyo kipimo cha kina cha maji, chenye namba zinazosomeka palepale kisimani na kamati ya maji ya kijiji, kinapaswa kuwa sehemu ya pampu tangu kwenye mchoro. Bei yake ni ndogo ukiilinganisha na paneli. Michoro ya pampu za sola mliyoibandika kwenye kuta za ukumbi huu ni kazi nzuri, nami nimeipitia yote kabla sijapanda hapa. Hakuna hata mmoja uliokuwa na kipimo hicho. Ningependa maswali yaanzie hapo, na aanze mwenye mchoro ulio karibu na mlango.