Kupeleka motohomu kwa waosha malori: mambo ya kufanya kabla maji hayajafunguliwa

Haya wadau, karibuni tena. Leo niko na hili dude langu, motohomu, yaani gari ambalo ndani yake ni nyumba, mnaliona lenyewe lilivyo, wadudu wamegandana kule mbele utadhani nimelipiga plasta, matope yamefika mpaka madirishani, na leo siliogeshi mwenyewe, nimekataa. Kupanda ngazi na ndoo, kushuka, kusogeza ngazi, kupanda tena, siku nzima inaisha na mgongo haunitaki. Nalipeleka kule wanakooshea malori, na tunaenda wote.

Kwanza mtu ataniuliza, kwa nini malori, si kuna zile mashine za kuosha magari kila kona? Jibu ni urefu wa kwenda juu. Motohomu kubwa nyingi zinacheza kwenye mita 3 hadi karibu 4, ukiingiza kitu kama hiki kwenye mashine ya magari madogo unatoka AC ya juu imebaki humo humo. Kwa malori mlango ni mrefu, sakafu ina mtaro wa kupeleka maji machafu, na jamaa wana mikono ya kuosha kitu kirefu kwa muda mfupi. Ila sasa, tela la lori ni sanduku la bati, na hii ni nyumba. Tela halina friji yenye matundu ubavuni, halina madirisha ya plastiki, halina turubai la kivuli wala vyumba vya kusukuma nje, vile vinavyotoka ubavuni kuongeza nafasi ukishapaki. Jamaa akilishika hili kama anavyoshika tela la kubebea saruji, utakuja kulia. Ndiyo maana sehemu kubwa ya hii video haina maji kabisa, ni kufunga vitu na kuongea na watu.

Tunaanza na tepu ya kupimia. Usiamini urefu ulioandikwa kwenye makaratasi ya gari, maana inawezekana mwenye gari wa kwanza aliongeza sola au antena au AC nyingine juu. Pima mwenyewe kutoka chini mpaka kile kitu kilichochomoza kuliko vyote, andika kwenye karatasi ubandike hapa kwenye dashibodi, mnaiona yangu hii hapa. Halafu piga simu kabla hujaenda. Uliza maswali haya: mnaosha motohomu au malori tu, mlango wenu una mita ngapi, mnaosha kwa mkono au ni mashine ya kupita tu, na nikiingia natokea upande wa pili au inabidi nirudi rivasi. Hilo la rivasi watu hulisahau, mpaka ajikute yuko ndani na malori matatu nyuma yake yanapiga honi. Na nenda muda ambao hakuna foleni, wale madereva wako kazini wana mzigo wa kufikisha, wewe uko kwenye matembezi, usiwakalie njiani.

Sasa tunazunguka gari, nifuateni na kamera. Tunaanza juu. Ukiweza kupanda panda kabla ya kwenda, paa likiwa kavu, likilowa linateleza vibaya mno. Angalia ile gundi ya kuzibia pembeni mwa matundu ya hewa, kwenye mabomba, kwenye kioo cha darini. Hapa kwangu iko sawa, ila ukiona imepasuka au imenyanyuka ukingoni, ahirisha safari, ziba kwanza, acha ikauke, kuosha utaenda siku nyingine. Mvua inadondoka tu, mashine ya presha inasukuma, na ufa ambao mvua haijawahi kuuona maji ya presha yataupata. Yakishaingia huyaoni leo wala kesho, yanakaa ndani ya ukuta yanaozesha mbao taratibu, wewe unakuja kushtuka kwa harufu.

Tukiwa bado juu, funga matundu yote ya hewa, laza antena. Shuka. Turubai la kivuli likunje ulifunge na ile kufuli yake. Vyumba vya kusukuma nje vyote ndani, ngazi ya mlangoni ndani, madirisha yote mpaka kale kadogo ka chooni. Kifuniko cha kujazia maji, kifuniko cha waya wa umeme wa nje, milango ya stoo za chini, shika kimoja kimoja kwa mkono, usitazame tu kwa mbali ukasema kimefunga. Na matangi ya maji machafu hakikisha valvu zimefungwa, pale sio mahali pa kumwagia uchafu wako, ule mtaro haukujengwa kwa kazi hiyo.

Haya, hapa simama kidogo. Hii mnayoiona ubavuni, yenye vipande vipande kama pazia la mbao, ndiyo matundu ya friji. Friji nyingi za motohomu zinatumia gesi, nyuma ya hiki kifuniko kuna kamoto kadogo kanawaka na kuna nyaya pia. Angalieni hivi vipande vimelala vikitazama chini. Maji yakitoka juu yanateleza yanaanguka nje, safi, lakini mtu akiinama akarusha presha kutoka chini kwenda juu, yote yanaingia ndani. Mimi yalinikuta. Nilikuwa nimekaa kwenye siti nachati na simu, kijana wa watu akapitisha bunduki ya maji kutoka kwenye tairi akapanda nayo juu moja kwa moja, friji ikagoma kuwaka siku mbili, nikafungua kukausha bana, pale gesi inapowakia, kupuliza, kusubiri. Kijana hana kosa, nani alimwambia? Kwa hiyo sasa hivi nafanya hivi: nazima friji, nafunga gesi kwenye mtungi wenyewe, halafu naziba haya matundu kwa karatasi ya nailoni na ile tepu ya karatasi ya mafundi rangi, haing'oi rangi ukiibandua. Bomba la moshi la hita nalo vilevile, na kifuniko cha boksi la betri. Nabandika tepu ya rangi inayoonekana makusudi, nisije nikasahau nikawasha moto nikiwa nimeziba njia ya moshi, hiyo ni hatari kuliko maji yenyewe.

Kabla ya kuingia piga picha pande zote nne na simu. Sio kwa ugomvi, ila stika ikija kunyanyuka mtajua wote ilikuwaje kabla.

Tumefika. Usiingie hivi hivi. Paki pembeni, shuka, mtafute anayeosha mwenyewe, sio wa kaunta tu, wa kaunta hashiki bunduki. Msalimie vizuri, mwambie fundi hii ni nyumba naomba nikuonyeshe kidogo, zunguka naye.

La kwanza kumwambia: usitumie asidi. Kwenye malori wengi wanatumia dawa mbili, inatangulia ya asidi inafuata ya alkali, uchafu unatoka bila kusuguliwa sana, kwa lori ni kazi nzuri tu. Na kuna dawa nyingine ya kung'arisha alumini ya matela na matangi ya mafuta. Hizo dawa za alumini nyingine zina asidi kali sana, inakwangua kioo kinabaki na ukungu usiofutika, rimu za alumini zilizopigwa polishi zinapauka, na kwa binadamu ikigusa ngozi au ukivuta hewa yake ni balaa. Mwambie shampuu ya gari tu ya kawaida. Hata alkali kali inakula waksi yote uliyopaka, basi ujue ukirudi nyumbani una kazi ya kupaka upya. Na kama paa lako ni la mpira, hakuna dawa yenye mafuta ya petroli kugusa huko juu, mpira unavimba unaachia gundi.

Halafu presha. Zile mashine zinapita bar 100 bila shida, zinang'oa tope lililokauka kwenye fremu. Mwombe apunguze kama inapungua, na kama haipungui asimame mbali, nozeli ya kutandaza maji kama feni, sio ile ya mshale mmoja. Pembeni mwa madirisha na kwenye raba za vile vyumba vya kusukuma asilenge kabisa, apitishe maji tu. Stika nazo apige maji akiwa amezielekea moja kwa moja, akipiga kwa ubavu yanapenya chini ya ukingo yanafungua kama bahasha, yangu ya nyuma ilienda hivyo na mpaka leo kuna alama.

Na brashi. Iangalie kwa macho. Kama imetoka sasa hivi kusugua lori la kokoto ina mchanga ndani, na mchanga kwenye faibaglasi ni msasa. Mwambie aisuuze, wengi hawakatai. Mimi natembea na glavu yangu ya kuoshea, madirisha ya plastiki nayasugua mwenyewe kwa maji mengi na mkono mwepesi, yale yanachubuka hata kwa kitambaa kikavu.

Umemaliza hapo, ingiza gari. Taratibu, mtu mmoja asimame mbele akutazamie juu na vioo vya pembeni. Zima injini, vuta hendibreki. Sehemu nyingine wanakutaka ubaki ndani, nyingine utoke, fuata yao, ila ukiruhusiwa kutoka toka usimame anapokuona.

Mtaona anaanza kulowesha tu. Msimharakishe. Wale wadudu wa mbele wakilowa dakika kadhaa wanalainika, wakisuguliwa wakavu wanakwaruza rangi. Kama umefika na bodi lina moto wa jua acha lipoe kwanza, sabuni ikikaukia juu inaacha madoa. Sabuni inapakwa kutoka chini kwenda juu, najua inaonekana kinyume, lakini ukianzia juu michirizi inashuka kwenye uchafu mkavu inaacha mistari. Kusuuza ndio unatoka juu kwenda chini. Na kwenye matundu hata kama yamezibwa, mkumbushe tena, asipige kutoka chini.

Chini ya gari mwache ajiachie, hasa kama umepita barabara zenye chumvi au ufukweni, chumvi inakula fremu kimyakimya. Ila hapo napo asikazie presha kwenye bearingi za magurudumu wala kwenye viunganishi vya nyaya. Wenye injini nyuma, rejeta yenu huwa inajaa vumbi na mafuta, hiyo asiguse na presha ya lori, zile fini, vibati vyembamba vya kupoza, zinalala kama nyasi zilizokanyagwa, tutaifanya siku nyingine kwa maji ya kawaida.

Tumetoka. Sogea mbele uwapishe wengine, usikaushie gari mlangoni mwao. Vioo, taa, kamera ya nyuma, futa. Bandua tepu zote, zihesabu, mimi nilibandika sita na hizi hapa sita mkononi. Ukianza kutembea kanyaga breki kwa upole mara tatu nne, zimelowa, usisubiri mpaka kwenye mteremko ndio ujue.

Ukifika fungua turubai la kivuli lote likauke, ukilikunja na maji ndani linaota ukungu. Halafu ingia ndani na tochi, fungua kabati za juu pale kwenye kona, pitisha kiganja chini ya kila dirisha, bonyeza ukuta uone kama umelainika. Mimi nimeshapitisha, kavu. Kona ile ya kitandani nitaicheki tena kesho asubuhi maana maji huwa yanachelewa kushuka, sasa hivi acha niwashe friji.