Kupanga utafiti na kuchagua vyanzo: mfano wa karafuu za Pemba

Assalamu alaykum. Chukua daftari na kalamu, simu iweke kando kwanza.

Andika mada juu ya ukurasa. Wengi huandika "Karafuu Pemba". Hiyo humalizi hata kwa miaka mitatu. Ipunguze: "Kwa nini Pemba iliipiku Unguja kwa karafuu baada ya 1872?" Swali lisipoenea mstari mmoja, bado hujaliamua.

Chini yake chora safu nne: nani kaandika, lini, akiwa wapi, akitaka nini. Ya nne ndiyo huachwa tupu, nayo ndiyo yenye kazi. Ofisa wa Kiingereza aliyehesabu mavuno alikuwa akitafuta mapato ya serikali. Usitarajie akwambie mchumaji alikula nini.

Tupime chanzo kimoja. Intaneti itakupa: "Kimbunga cha 1872 kiliangamiza mikarafuu ya Zanzibar." Simama hapo. Zanzibar ipi? Iliyopigwa vibaya ni Unguja. Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa. Ukilisoma neno hilo vibaya, swali lako lote limekufa. Katika maandishi ya zamani mara ni Unguja tu, mara visiwa vyote, kwa hiyo kila ukilikuta andika pembeni U au UP. Na kurasa kumi zenye sentensi ileile, hadi mkato, ni chanzo kimoja.

Vipimo navyo vina mitego. Frasila ni ratili 35, karibu kilo 16. Pishi hupima ujazo, si uzito, na karafuu ikikauka hupoteza karibu theluthi mbili ya uzito wake. Usilinganishe pishi ya mbichi na frasila ya kavu.

Sasa ratiba ya wiki sita. Ya kwanza: swali na kibali. Ya pili na ya tatu: Nyaraka za Taifa, Kilimani, Unguja. Nenda na penseli, wino usiusogeze karibu na karatasi za zamani. Kama husomi Kiarabu, mtafute msomaji kabla hujapanda boti.

Ya nne ni ya wazee. Mbili za mwisho, kuandika. Kabla ya kwenda kwa wazee mjulishe sheha, kiongozi wa shehia, na msimu wa kuchuma usiende asubuhi, watu wako shamba. Usiulize "mwaka gani?" Uliza, "Babu, ilikuwa kabla ya Mapinduzi au baada?" Jibu ligawe papo hapo: alichokiona mwenyewe kushoto, alichohadithiwa kulia. Kimbunga kitakuwa kulia daima.