Ashramu Kando ya Mto Ganga: Majibu kwa Waliouliza Kuhusu Rishikesh

Shikamooni wazazi wangu, na ninyi vijana wenzangu, hamjambo. Tangu nilipoweka picha za Rishikesh, wengi wenu mmeniuliza kama inafaa mtu asiye Mhindu kwenda kulala katika ashramu, yaani makazi ya kiroho ya Wahindu, na kama mgeni halazimishwi huko kuabudu asichokiamini. Mimi ni Mwislamu, mzaliwa wa Tanga, ninayefanya kazi Delhi, na kabla ya safari swali hilo lilinishughulisha mimi mwenyewe. Jibu langu ni kwamba inawezekana, tena kwa amani, mradi uende ukijua kwamba unaingia katika nyumba ya ibada ya watu, wala si hoteli yenye mandhari nzuri.

Rishikesh ni mji wa jimbo la Uttarakhand, kiasi cha kilomita 240 kutoka Delhi, mahali ambapo Mto Ganga unamaliza kupita katika milima ya Himalaya na kuingia tambarare. Juu zaidi, huko Devprayag, mito miwili inayoitwa Bhagirathi na Alaknanda hukutana, na ni kuanzia hapo tu ndipo mto hupewa jina la Ganga. Bhagirathi huanzia kwenye barafu ya Gangotri, kwa hiyo maji yanayopita Rishikesh ni baridi hata wakati wa jua kali, na yana kasi kubwa kiasi kwamba kwenye ngazi za kuogea, zinazoitwa ghati, hufungwa minyororo ya kushikilia. Nawasihi msiidharau minyororo hiyo, hata kama unaogelea vizuri namna gani.

Wahindu husimulia kwamba mfalme Bhagiratha alifanya maombi na toba kwa miaka mingi ili Ganga, ambaye kwao ni mungu wa kike, ashuke kutoka mbinguni ayaoshe majivu ya mababu zake 60,000 na roho zao zipate kufunguliwa, na kwamba mungu Shiva aliupokea mto huo kwenye nywele zake ili uzito wa maji usiiharibu dunia. Usipokijua kisa hiki, mambo mengi utakayoyaona pale yatakupita. Wengi wetu katika miji ya pwani tumekua na majirani Wahindu, na tulijua kwamba huwachoma maiti wao, lakini ni wachache waliouliza majivu huenda wapi. Zipo familia, hata za ughaibuni, ambazo huyasafirisha hadi Haridwar, mji ulio chini kidogo ya Rishikesh kwenye mto huohuo. Huko kuna makuhani ambao kwa vizazi vingi wametunza madaftari ya koo, wakiandika majina ya waliozaliwa, waliooana na waliofariki, hivi kwamba mtu anayekuja na majivu ya baba yake anaweza kuonyeshwa mwandiko wa babu aliyefika pale kabla yake.

Ashramu za Rishikesh ni nyingi, na hazifanani. Ile ya Swami Sivananda ina historia inayonigusa sana, kwa sababu mwanzilishi wake alikuwa daktari aliyefanya kazi katika nchi iliyoitwa Malaya, ambayo leo ni sehemu ya Malaysia, akaiacha kazi hiyo, akaja Rishikesh mwaka 1924 na kuanza kuwatibu mahujaji na maskini kabla ya kuanzisha shirika la Divine Life Society mwaka 1936. Parmarth Niketan, iliyoanzishwa mwaka 1942, ni kubwa na hupokea wageni wa mataifa mengi. Ile waliyokaa wanamuziki wa Beatles mwaka 1968 imebaki magofu ndani ya hifadhi ya msitu ya Rajaji, na huingiwa kwa tiketi.

Niliyofikia mimi ni ndogo, na siku yake huanza kwa kengele kabla ya mapambazuko. Watu hukaa kimya katika ukumbi, kisha hufuata yoga, kisha kazi, kwa maana huko kazi ya mikono inayofanywa bila malipo na bila kutaka sifa huhesabiwa kuwa ibada, nao huiita seva. Mimi nilipewa kuchambua dengu na kufagia uwanda wa mbele, nikiwa pamoja na mama mmoja mtu mzima kutoka Gujarat ambaye hakuwa na lugha ya kuzungumza nami, lakini kila nilipoacha jiwe kwenye dengu alilitoa na kunionyesha kwa upole. Chakula huliwa sakafuni kwa mistari, baada ya dua yao, na hakina nyama wala mayai, wala vitunguu vya aina yoyote, kwa sababu wanaamini kwamba vitunguu huichafua akili inayotafuta utulivu. Pombe na nyama ni vigumu kuzipata hata nje ya ashramu, kwa kuwa mji wenyewe unazikataza.

Kuhusu ibada yangu, mzee anayetunza vyumba aliponiona nikitafuta mahali pa kuswali, aliniuliza ninaelekea upande gani, na nilipomwambia magharibi, alinionyesha jua linakozama nyuma ya mlima, akanisogezea kiti kilichokuwa njiani. Hakusema jambo lingine. Nimewahi kusikia hotuba ndefu kuhusu dini mbalimbali kuishi pamoja, na sikumbuki iliyonifundisha kuliko mzee yule.

Jioni nilikwenda kwenye aarti, ibada ya taa inayofanywa mtoni kila siku jua linapotua. Ile ya Parmarth Niketan huanza kwa moto wa sadaka, vijana wanafunzi wa dini wakiwa wamevaa mavazi ya rangi ya zafarani, kisha nyimbo, kisha taa kubwa za shaba zenye ndimi nyingi huzungushwa mbele ya maji, huku watu wakiachia mtoni vikombe vya majani vyenye maua na utambi unaowaka. Nilivua viatu, nikakaa kwenye ngazi, nikasikiliza. Waliponiletea rangi ya kupaka kwenye paji la uso, niliunganisha viganja kwa heshima na kutikisa kichwa, nao wakapita kwa wa jirani bila kinyongo. Hivyo ndivyo ninavyoshauri: shiriki katika kimya na katika kazi, kataa kwa adabu kile ambacho imani yako haikiruhusu, wala usijifanye kuamini kwa ajili ya picha. Na kwa kuwa si kila ghati au hekalu hupokea wasio Wahindu, uliza kwanza.

Kuna jambo limeniumiza, nami siwezi kulinyamazia. Mto huu unaoitwa mama hupokea maji taka ya miji na ya viwanda kadiri unavyoshuka, na huko juu umefungwa kwa mabwawa, likiwemo la Tehri lenye kimo cha zaidi ya meta 260. Profesa G. D. Agrawal, mhandisi wa mazingira aliyegeuka kuwa mtawa, alifunga kula katika ashramu moja ya Haridwar akidai mto uachwe utiririke bila vizuizi, na baada ya siku 111, mnamo tarehe 11 Oktoba 2018, alifariki katika hospitali ya Rishikesh. Kwa hiyo anayewaambia kwamba ashramu ni mahali pa watu kukimbia dunia hajamsikia mtu huyu.

Kwa wanaopanga kwenda, hasa ndugu wanaokuja Delhi kuuguza wagonjwa na kubaki na siku chache mkononi, treni za kwenda Haridwar ni rahisi kuzipata, na kutoka hapo ni mwendo mfupi wa gari. Andikieni ashramu mapema, kwa kuwa baadhi hazipokei mtu anayebisha hodi bila taarifa. Epukeni miezi ya mvua, Julai hadi Septemba, ambapo mto hufurika na barabara za milimani huporomoka. Chukueni nguo pana zinazofunika mabega na magoti, na shali nzito kwa ajili ya alfajiri.