Karatasi ya Rufaa Isiyorudi

Shikamooni wakubwa, wenzangu wa afya, habari za asubuhi. Nimeombwa nizungumzie mifumo ya taarifa za wagonjwa. Nitaanza na mfuko wa mama yangu.

Mama anaishi Uru, ana presha na sukari. Mwaka jana nilipanda kumsalimia, nikamkuta miguu imevimba na kizunguzungu kinamsumbua, akienda jikoni anashika ukuta. Nikamwambia, "Mama, hebu nione dawa." Akatoa mfuko wa rambo, ile iliyopigwa marufuku 2019 (kwa mama tangazo halijafika). Ndani mna madaftari matatu ya shule: la zahanati, la hospitali ya misheni, na la kliniki ya mtu binafsi huku mjini. Na maboksi mawili ya amlodipini, dawa ya presha, kila moja na jina lake la kibiashara, dawa ileile. Alikuwa anameza zote, maana madaktari wote wawili walimkataza kuacha. Ukisoma daftari mojamoja, humwoni aliyekosea.

Hapa mkoani Kilimanjaro tuna hospitali ya Mawenzi ya serikali, KCMC ya kanda tangu 1971, Machame ya Walutheri (KKKT), Kibosho ya Wakatoliki, na zahanati na maduka ya dawa kila kona. Kila mlango una namba yake ya faili. Bima inajua imelipia nini, daktari hajui mwenzake ameandika nini. Mbeba taarifa ni mgonjwa, naye ndiye asiyeweza kusoma mwandiko wetu. Na mwandiko wetu mnaujua.

Kompyuta zinasaidia, siku umeme upo. Ila tazameni wenzetu wa CTC, kliniki za matibabu ya VVU, walianza na karatasi: mgonjwa ana namba yake moja, kadi moja anatembea nayo, nyingine inabaki kituoni. Tazameni m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga, uliozinduliwa kitaifa 2022. Ukipiga 115 gari linatafutwa, na kituo kinachopokea kinapigiwa simu kabla mzazi hajafika. Wengi husifia gari. Mimi nasifia ile simu ya pili.

Mgonjwa wa presha hana wa kumpigia simu ya pili. Tunamwandikia rufaa, anapanda daladala, tumemalizana. Pale chini ya fomu, sehemu ya mrejesho, panabaki peupe. Miezi miwili baadaye amerudi zahanati, nesi anamuuliza, "Walikuambia una nini?" "Walinipa vidonge vyeupe." Basi vipimo vinaanza upya, kwa hela yake.

Ninachoomba hakihitaji bajeti. Anayetoa rufaa aandike namba ya simu ya kituo chake. Anayempokea, siku ya kumruhusu, aandike mistari mitatu: ugonjwa, dawa kwa jina lake halisi, na dawa ipi iachwe. Huo wa tatu ndio tunaousahau, na ndio uliokosekana kwenye madaftari yote matatu ya mama.

Maswali, karibuni. Dada wa kule nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja rambo.