Pwani yetu ina urefu gani?

Asante, Mwenyekiti. Walimu wangu niliowaona hapo mbele, shikamooni. Wanafunzi, hamjambo?

Naanza na swali. Pwani ya Tanzania, kutoka mpaka wa Kenya hadi mdomo wa Mto Ruvuma, ina urefu gani? Nasikia kilomita 800 huku. Kule nyuma, 1,424. Zote mbili mtazikuta zimechapishwa. Mtasema labda mmoja kahesabu visiwa, mwingine kaviacha. Sawa, viacheni vyote. Ubishi bado upo. Pimeni kwenye ramani kwa hatua za kilomita 50, na delta ya Rufiji mtairuka kwa hatua moja au mbili. Fanyeni hatua ya kilomita 1, mtaingia kila hori na kutoka. Kwa hatua ya mita 1, mtakuwa mnazunguka mizizi ya mikoko. Kadiri rula inavyofupika, pwani inarefuka.

Mwingereza Lewis Fry Richardson aliliona hili alipokuwa akichunguza mipaka ya nchi na vita. Mpaka wa Hispania na Ureno aliukuta umeandikwa kilomita 987 mahali pamoja na 1,214 pengine. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1961, mwenyewe keshafariki. Mwaka 1967 mwanahesabu Benoit Mandelbrot akalirudia swali hilo kwa pwani ya Uingereza, na mwaka 1975 akayapa maumbo ya namna hii jina: fraktali.

Lakini umbo lenyewe lilikuwapo. Helge von Koch wa Sweden alilichora mwaka 1904. Chora pembetatu yenye pande sawa. Kila upande ugawe sehemu tatu, ile ya kati iondoe, mahali pake weka kipembe kinachochomoza nje. Halafu rudia kwa kila upande mpya, bila kukoma. Kila ukirudia, mzingo unazidishwa kwa 4/3, kwa hiyo hauna kikomo. Na eneo? Halivuki 8/5 ya eneo la pembetatu ya mwanzo. Yaani shamba la kulima asubuhi moja, ua wake hauishi!

Kuna namba inayoitwa dimensheni, inayoonyesha umbo linajaza nafasi kiasi gani: mstari ulionyooka una 1, bapa lina 2. Mchoro wa Koch una 1.26 hivi. Pwani ya magharibi ya Uingereza ilipata kama 1.25, ya Afrika Kusini, iliyonyooka zaidi, 1.02. Mimi naona namba hii inasema kweli kuliko kilomita, maana inapima ule mkunjo wenyewe.

Kuna wanaosema huu ni mchezo wa wanahesabu. Haya, vuteni pumzi. Hewa imepita kwenye njia inayogawanyika mara mbili, tena mara mbili, kama mara 23. Ndiyo maana ndani ya kifua kimeenea kitu chenye uso wa mita za mraba 70 hivi. Mwili, tofauti na Koch, una mahali pa kukomea.

Wahandisi wa antena wameiga ujanja huo: waya mrefu unakunjwa ukaenea kwenye kifaa kidogo, na kwa kuwa umbo linajirudia kwa ukubwa tofauti, antena moja hushika masafa kadhaa.

Sasa zile karatasi mlizogawiwa. Mtaanza na pande 3, zije 12, kisha 48. Atakayefika 192, achonge penseli kwanza.