Saa Tano Kati ya Mgeni Anayetoka na Anayeingia

Ndugu wasikilizaji, nashukuru kupewa nafasi hii. Mada yetu ni kupokea wageni wa siku chache kwa malipo, iwe ni nyumba nzima ya mapumziko au chumba kimoja kilichobaki wazi. Wengi wanaotaka kuanza huulizia kwanza picha, bei na maneno ya tangazo. Hayo yana nafasi yake. Lakini mkifuatilia mgeni aliyedai kurudishiwa fedha, au aliyeugua, mara nyingi mtakuta chanzo ni kitu kilichofanywa vibaya au kilichosahaulika baada ya mgeni mmoja kutoka na kabla ya mwingine kuingia. Mkiweka saa ya kutoka kuwa nne asubuhi na saa ya kuingia kuwa tisa alasiri, mna saa tano mkononi. Hizo ndizo nataka tuzikague leo.

Tuanze na shuka, kwa kuwa ndizo zinazokula muda. Kufua kwa maji ya nyuzi 60 za Selsiasi huchukua hadi saa mbili katika mashine nyingi, na bado hamjakausha wala kupiga pasi. Mwenye seti moja ya shuka atatandika kitanda chenye unyevunyevu, na mgeni ataunusa unyevu huo usiku wa kwanza. Kwa hiyo kila kitanda kiwe na seti tatu: moja kitandani, moja kwenye kufuliwa, moja kabatini. Kitanda cha watu wawili kinahitaji foronya nne kwa kila seti, basi zinakuwa kumi na mbili. Taulo ni hesabu hiyohiyo: kwa wageni wawili, kubwa sita na ndogo sita. Kifuniko cha godoro kisichopitisha maji, cha kufunga kwa zipu, muwe navyo viwili kwa kila godoro, kwa sababu siku kimoja kitakapolowa hamtakuwa na muda wa kungoja kikauke.

Nunueni nyeupe. Nyeupe ikichakaa mnabadilisha moja tu bila kuvunja seti, na inavumilia dawa ya klorini. Wekeni pia kitaulo kimoja cheusi kwa kila mgeni, na mwambieni wazi kuwa ni cha kufutia vipodozi; wanja na rangi ya mdomo ndivyo vinavyomaliza taulo nyeupe kuliko kitu kingine chochote. Damu ilowekeni kwenye maji baridi kabla ya kufua, kwa sababu maji ya moto huigandisha kwenye nyuzi na haitoki tena. Na acheni dawa ya kulainisha nguo upande wa taulo. Huacha utando juu ya nyuzi, taulo ikawa laini mkononi lakini hainyonyi maji mwilini.

Kazi yenyewe ina mpangilio, na mpangilio huo ndio unaookoa saa. Ukiingia, fungua madirisha, kisha piga picha kila chumba kabla hujagusa chochote: kuta, godoro, jiko, sakafu ya bafu, skrini ya televisheni. Picha zenye tarehe na saa ndizo zitakazokutetea ukidai fidia ya kilichovunjika. Mgeni mwingine akishaingia, hakuna atakayeweza kuthibitisha nani alivunja. Baada ya picha, vua shuka zote na uwashe mashine. Kisha mwaga dawa chooni na kwenye sinki la bafu, uziache zifanye kazi wakati unaosha vyombo. Dawa ya kuua vijidudu haiui papo hapo. Kibandiko cha chupa kinataja dakika ambazo sehemu inatakiwa ibaki imelowa, na kwa dawa nyingi ni kama dakika 10. Anayenyunyiza na kufuta hapohapo amependezesha tu.

Hapa niseme jambo kwa uzito wake. Msichanganye dawa ya klorini na dawa ya tindikali ya kuondolea magadi ya choo. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na bafu dogo lenye dirisha lililofungwa hujaa haraka. Klorini pamoja na amonia nayo hutoa gesi yenye sumu. Anayekuja kusafisha kwa haraka ndiye aliye hatarini zaidi, kwa sababu haraka ndiyo humfanya mtu aongeze chupa ya pili pale ya kwanza ilipoonekana haitoshi. Wekeni dawa moja tu ya choo ndani ya nyumba na hatari hiyo itakuwa imeondoka.

Baada ya hapo, vumbi kwanza na maji baadaye, juu kwanza na chini baadaye, na kudeki kunaanzia chumba cha ndani kabisa kuelekea mlangoni. Vitambaa viwe vya rangi tofauti, cha choo kisiingie jikoni hata siku moja. Kuna sehemu ambazo mikono ya wageni hufika lakini ya msafishaji husahau: rimoti, swichi za taa, mpini wa friji, kitasa cha mlango kwa ndani, na droo ya kando ya kitanda.

Wakati godoro liko wazi, kagueni kunguni. Kazi hiyo ni ya dakika tatu, na kuiruka ni kosa kubwa kuliko yote katika biashara hii. Chukueni tochi mfuate mishono ya godoro, pembe zote nne, kisha nyuma ya ubao wa kichwani na viungo vya fremu. Kunguni mzima ana urefu wa kama milimita 5, ni bapa, rangi ya kahawia. Mayai ni meupe, kama milimita 1. Lakini mara nyingi kinachoonekana kwanza ni vidoadoa vyeusi vya kinyesi, vinavyosambaa kama wino ukivigusa kwa kitambaa kibichi, na magamba matupu waliyoyavua. Mkivikuta, msihamishe shuka kwenda chumba kingine. Zifungeni kwenye mfuko humohumo chumbani, zifuliwe kwa nyuzi 60, kisha zikaushwe kwenye mashine kwa joto kali kwa nusu saa. Funga tarehe za chumba hicho kwenye kalenda ya tangazo ili kisipokee wageni, mwite fundi wa kuua wadudu, na mpange arudi baada ya wiki mbili hivi, kwa sababu mayai ambayo dawa haikuyaua huendelea kuanguliwa. Kukiacha chumba kitupu kwa mwezi hakusaidii, maana kunguni hukaa miezi bila kula. Na yale makopo ya kufukiza chumba kizima huwatawanya tu kwenye nyufa, mkapata vyumba viwili vyenye kunguni badala ya kimoja.

Kisha gesi na moto. Nyumba yenye hita ya maji ya gesi, jiko la gesi au moto wa aina yoyote inahitaji vifaa viwili tofauti: king'ora cha moshi na king'ora cha kaboni monoksaidi. Kimoja hakifanyi kazi ya kingine. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Hutokea pale gesi, mkaa au kuni zinapoungua bila hewa ya kutosha, na mahali pabaya kuliko pote ni hita iliyofungwa ndani ya bafu lisilo na bomba la kutolea moshi nje. Dalili zake ni maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, vinavyopungua mtu akitoka nje. Mgeni anaweza kudhani ni uchovu wa safari akaenda kulala, na hapo ndipo hufa. Bonyezeni kitufe cha majaribio cha kila king'ora kila mgeni anapobadilika. Cha moshi kibadilishwe kizima baada ya miaka 10, hata kama bado kinalia ukikijaribu. Mtungi wa gesi jaribuni maungio yake kwa maji ya sabuni: povu likifura, gesi inavuja. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa na hutambaa sakafuni, kwa hiyo dirisha la juu pekee haliiondoi.

Maji nayo yana hatari yake. Nyumba ikikaa tupu wiki nzima, maji yaliyosimama kwenye mabomba kati ya nyuzi 20 na 45 ni makazi mazuri ya lejionela, bakteria wanaosababisha homa kali ya mapafu, ambao huingia mapafuni kupitia mvuke na matone madogo ya bomba la mvua. Tangi la maji ya moto liwekwe kwenye nyuzi 60. Kabla ya mgeni kufika, fungueni kila bomba maji yatiririke dakika kadhaa, moto na baridi. Kichwa cha bomba la mvua kitumbukizeni kwenye ndoo wakati huo ili matone yasiruke usoni mwenu. Kwa kuwa nyuzi 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache, kwenye bafu wekeni valvu ya kuchanganya inayozuia maji kutoka yakiwa moto mno, hasa mkipokea watoto.

Funguo na kalenda nitazipitia upesi. Kama mlango una kitasa cha namba, namba ibadilike kwa kila mgeni. Njia rahisi ni kutumia tarakimu nne za mwisho za simu yake, hatazisahau. Lakini betri ya kitasa huisha usiku wa manane mgeni akiwa na mizigo mlangoni, hivyo lazima kuwe na ufunguo wa kawaida kwenye kisanduku cha namba au kwa jirani. Kuhusu kalenda, anayetangaza kwenye tovuti mbili ajue kwamba kalenda zilizounganishwa hazisomani papo hapo. Mara nyingi hupita saa kadhaa kabla ya moja kujua nyingine imepata mgeni, na ndani ya saa hizo watu wawili wanaweza kulipia usiku mmoja. Zuieni maombi ya kuingia siku hiyohiyo, na kila mnapopokea mgeni kwenye tovuti moja, fungeni tarehe kwenye nyingine kwa mkono wenu wenyewe.

Sasa niwageukie wanaokwenda kulala kwenye nyumba za watu. Mzigo wako usiuweke juu ya kitanda wala zulia ukifika. Uweke bafuni kwanza, ukague godoro kama nilivyoeleza, kisha ndipo ufungue begi. Tafuta vilipo ving'ora, na kama nyumba ina gesi na hakuna cha kaboni monoksaidi, dai kiletwe au uondoke. Kuna vidogo vya betri unavyoweza kusafiri navyo, na mimi naona kila msafiri mwenye familia anapaswa kuwa nacho. Hakikisha mlango wa kutokea unafunguka kutoka ndani bila kutafuta ufunguo. Piga picha kila kilichokuwa kimevunjika tayari, umtumie mwenyeji siku hiyohiyo kupitia mfumo uliolipia, si kwa ujumbe wa pembeni. Kamera ndani ya nyumba hazikubaliki: Airbnb, tovuti ya kukodisha nyumba kwa wageni, ilizipiga marufuku kabisa kuanzia tarehe 30 Aprili 2024, hata zile zilizotajwa kwenye tangazo. Na mwenyeji akikuomba ulipe nje ya mfumo ili akupunguzie bei, kataa. Fedha iliyotumwa pembeni haina wa kukurudishia, na matangazo mengi ya nyumba zisizokuwepo hutumia chambo hichohicho.

La mwisho ni sheria, na hapa wenyeji wengi huingia hasara kwa kudhani nyumba ni yao basi hakuna wa kuwauliza. Miji imekaza. Jijini London, nyumba nzima haiwezi kupangishwa kwa wageni wa muda mfupi zaidi ya usiku 90 kwa mwaka bila kibali cha mipango miji. Fanyeni hesabu: Ijumaa na Jumamosi za mwaka mzima ni usiku 104, kwa hiyo hata anayepokea wageni wikendi tu anavuka kikomo. Amsterdam ilishusha kikomo chake hadi usiku 30 mwaka 2019. New York, tangu Septemba 2023, imekuwa ikitekeleza sheria kwamba ukaaji wa chini ya siku 30 unataka mwenyeji aliyesajiliwa, anayekaa humo humo pamoja na wageni, nao wasizidi wawili. Barcelona ilitangaza mwaka 2024 kwamba haitahuisha leseni za fleti za watalii zinazoisha Novemba 2028. Mwenye chumba cha ziada ndani ya nyumba anayoishi mara nyingi hukutana na masharti mepesi kuliko mwenye nyumba nzima, lakini si kila mahali.

Kwa hiyo kabla ya kununua shuka, tafuteni majibu manne kwa maandishi. Halmashauri yenu inataka usajili au leseni, na kikomo cha usiku ni kipi? Mkataba wenu wa upangaji, au kanuni za jengo kama ni fleti, unaruhusu wageni wa kulipia? Mamlaka ya kodi inataka mtangaze mapato haya kwa njia gani? Na bima ya nyumba? Bima nyingi za kawaida hazilipi hasara iliyotokana na mgeni wa kulipia, na mwenye nyumba hulijua hilo baada ya moto. Waandikieni kampuni ya bima waziwazi kwamba mnapokea wageni, muwaulize kama wanalipia mgeni akiteleza bafuni na kama wanalipia akiunguza jiko, na mlitunze jibu lao pamoja na hati za nyumba.