Nyanya zinanyauka? Kabla hujanunua dawa angalia udongo kwanza

Haya wakulima wenzangu mambo vipi, karibuni tena shambani. Hapa nyuma yangu mnaona mashina kama sita hivi yamelala, juzi tu yalikuwa mazima, na mtu akiona hivi anakimbilia duka la pembejeo, anarudi na dawa ya ukungu anapiga kwenye majani wakati ugonjwa uko chini kwenye mizizi. Hela imeenda hiyo.

Kwanza tujue tunapambana na nani. Cheki hili shina, majani ya chini yamekuwa njano tena upande mmoja, huu mwingine bado kijani. Naling'oa, nalipasua kwa kisu hapa karibu na ardhi, sogeza kamera... umeona huo mstari wa kahawia ndani? Huo ni dalili ya mnyauko fusari, ni fangasi huyo. Ila usiishie hapo, kata kipande kingine kining'inize kwenye glasi ya maji safi usubiri dakika kadhaa. Ukiona kama uzi wa maziwa unashuka, basi ni mnyauko wa bakteria, huo tutauongelea siku nyingine. Haya yangu maji yamebaki safi, tunaendelea.

Mashina haya yaliyonyauka hayana tiba, ng'oa uchome moto, usije ukayatupa kwenye rundo la samadi jamani! Tunachofanya sasa ni kuandaa udongo wa msimu ujao.

Tuje kwenye samadi. Kuna mwaka nilijifanya mjanja nikamwaga mbolea ya kuku mbichi kabisa, mizizi ikaungua, miche iliyobaki ikaoza shingo, nikabaki naangalia tu. Kwahiyo lazima uiivishe. Panga tabaka la samadi, tabaka la mabua makavu, mpaka rundo lifike kifuani, na maji yawe ya kiasi, ukiminya kiganjani yatoke matone mawili matatu, yasichuruzike. Funika na turubai. Baada ya siku nne chomeka fimbo katikati, iache kidogo, chomoa uishike. Ikiwa ya moto mpaka unataka kuiachia, safi, tunataka nyuzi joto 55 mpaka 65, joto hilo ndo linaua vimelea vingi na mbegu za magugu. Geuza kila wiki mbili, cha nje kiingie ndani, mpaka miezi miwili mitatu. Iliyoiva haina harufu ya zizi, inanukia kama udongo mvua ikishanyesha. Humo wanazaliana fangasi wazuri kama trikoderma, wanamnyang'anya fusari chakula na nafasi. Kila shimo viganja viwili, changanya na udongo vizuri.

Halafu chokaa. Fusari anapenda udongo wenye tindikali, kwahiyo pima pH, yaani kipimo cha tindikali, namba ikiwa chini ujue tindikali imezidi, tia chokaa ya kilimo mwezi mmoja au miwili kabla ya kupanda, tunalenga 6.5 mpaka 7. Kiasi usikisie, peleka udongo ukapimwe, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano kule Tanga wanapima, na chuo cha kilimo SUA kule Morogoro pia. Na chokaa au majivu usichanganye na samadi mbichi, ile harufu inayochoma pua ni naitrojeni yako inapaa.

Urea sasa, hii mbolea ya naitrojeni, hapa ndo tunapoharibu wengi. Tunataka nyanya iwe kijani ya kutisha, kumbe unajenga mmea laini ambao magonjwa yanauingia kirahisi, na urea na SA, yaani salfeti ya amonia, zikizidi zinaongeza tindikali ileile tuliyotoka kuitoa. Mimi kukuzia natumia CAN, mbolea ya naitrojeni yenye kalsiamu, ikianza kutoa maua naweka mbolea yenye potashi.

Na hapa nilipong'oa sirudishi nyanya, nalima mahindi, maana huyu fusari anakaa ardhini miaka na miaka. Siku ya kurudi nitatafuta mbegu ambayo pakti imeandikwa inastahimili fusari. Haya, ngoja nikageuze rundo kabla jua halijawa kali, maswali yawekeni hapo chini.